Usonji, vipaji vya ajabu na sinema: nani alituambia kila mwenye usonji ni jiniasi?

#1 (Mleta mada)

Wakuu, habari za saa hizi.

Kila ikikaribia tarehe 2 Aprili, ile siku ya usonji duniani (autism, hali ya ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano ya mtu), mitandaoni zinaanza kuzunguka video za watoto wanaopiga piano bila kufundishwa, na chini yake watu wanaandika "hawa watoto wote ni majiniasi, Mungu kawanyima huku kawapa kule". Wanaoandika wana nia njema kabisa. Ila si kweli, na jinsi jambo hili lilivyotuingia vichwani ni kisa kinachostahili uzi wake. Ni mrefu, wavivu wa kusoma mnisamehe.

Tuanze na jamaa aliyesababisha yote haya. Kim Peek alizaliwa Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, Novemba 1951. Kichwa kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Daktari aliwashauri wazazi wamuweke kwenye kituo cha kulelea watu wa aina yake na waendelee na maisha yao. Baba yake, Fran, akagoma. Mtoto alianza kutembea akiwa na miaka minne, na hata utu uzimani vifungo vya shati vilimshinda, ikabidi baba amvalishe.

Huyo huyo ukimpa kitabu ni balaa. Ukurasa wa kushoto anausoma kwa jicho la kushoto, wa kulia kwa jicho la kulia, zote mbili kwa mpigo. Akimaliza anakirudisha rafuni kikiwa kichwa chini miguu juu, alama kwamba hicho kimeshapita. Inakadiriwa alivibeba kichwani vitabu 12,000 hivi. Ukimtajia mji wa Marekani anakupa barabara zinazoingia na kutoka, namba za posta na msimbo wa simu. Walipompiga picha za ubongo wakakuta lile daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo halipo kabisa. Amezaliwa bila hilo.

Mwaka 1984 mwandishi wa filamu anayeitwa Barry Morrow alikutana naye huko Arlington, Texas, akapagawa. Matokeo yake ni Rain Man, sinema ya 1988 iliyobeba Oscar nne. Morrow baadaye alimpa Kim sanamu yake ya Oscar atembee nayo, na yeye na baba yake wakazunguka nayo miaka na miaka wakiongea na watu. Kim alifariki Desemba 2009, miaka 58, moyo.

Sasa shikeni hapa. Kim Peek hakuwa na usonji. Waliomchunguza baadaye waliona hali yake inafanana zaidi na tatizo la kurithi linaloitwa FG, kitu kingine kabisa. Mhusika wa kwenye sinema ndiye aliyepewa usonji. Yaani mamilioni ya watu walijifunza usonji ni nini kutoka kwa mtu ambaye hakuwa nao, kupitia kwa mwigizaji ambaye naye hakuwa nao.

Na takwimu je? Ile "mmoja kati ya kumi" inayotajwa sana inatokana na Bernard Rimland, mwaka 1978: kati ya watoto 5,400 wenye usonji, 531 walitajwa kuwa na uwezo wa kipekee. Walitajwa na nani? Na wazazi wao, kwenye fomu. Humo wamo wanaokariri ratiba za treni na wanaoimba wimbo bila kukosea baada ya kuusikia mara moja. Dokta Darold Treffert wa Wisconsin, aliyewafuatilia watu hawa maisha yake yote na ambaye hata Rain Man walimwomba ushauri, alisema wale wa kiwango cha Kim waliokuwa hai hawakufika mia moja, dunia nzima. Alisema pia karibu nusu ya masavanti, ndivyo wanavyoitwa watu wenye vipaji hivi vya kipekee, hawana usonji. Wana matatizo mengine ya ubongo au waliumia.

Kwa hiyo mwenye usonji si lazima awe savanti, na savanti si lazima awe na usonji. Nawasilisha, karibuni.

#2

Mkuu umeniharibia sinema yangu ya utotoni. Ila nijibu hili: ile ya kwenye Rain Man, kisanduku cha vijiti vya meno kumwagika sakafuni na jamaa kusema 246 papo hapo, ni kweli au chai?

#3 (Mleta mada)

Inafanana mno na kisa alichoandika daktari wa neva Oliver Sacks mwaka 1985, kuhusu mapacha wawili aliokutana nao mwaka 1966 wakiishi kwenye hospitali ya serikali huko Marekani. Kiberiti kilidondoka, wote wawili wakasema kwa pamoja "111", halafu mmoja akanong'ona "37", mwenzake "37", wa kwanza tena "37". Tatu mara 37 ni 111, hesabu imekaa sawa. Kisa hicho hicho kina mapacha waliokaa pembeni wakibadilishana namba tasa (zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe) za tarakimu sita, wakitabasamu kama watu wanaoonjana asali. Sacks akaenda kutafuta kitabu cha namba tasa, akarudi akawatajia ya tarakimu nane. Wakakaa kimya, kisha wakatabasamu na kumpa nafasi akae nao.

Kisa kitamu. Lakini wapo watafiti waliokihoji waziwazi, akiwemo Mjapani Makoto Yamaguchi, kwamba kitabu cha namba tasa kubwa kiasi kile kingekuwa cha namna gani, na nani mwingine aliyewahi kuona jambo hilo likifanyika. Mimi niko upande wa wanaohoji. Daktari aliandika miaka karibu ishirini baadaye.

Kilichothibitika kwa mapacha hao ni kalenda. Unataja tarehe, wanataja siku. Na hapo nina jambo la kuwaonyesha, kwa sababu kalenda inaonekana uchawi kumbe ina mlango wa nyuma.

Chukua mwaka wowote. 4/4, 6/6, 8/8, 10/10 na 12/12 zote huangukia siku moja ya wiki. Fungua kalenda ya simu uhakikishe. Mwaka 1961 siku hiyo ilikuwa Jumanne. Basi 12 Desemba 1961 ni Jumanne. Rudi nyuma siku tatu, tarehe 9, Uhuru wa Tanganyika: Jumamosi. Mwaka 1964 siku hiyo ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo 4 Aprili ni Jumamosi, ongeza wiki tatu ufike tarehe 25, na Muungano wa tarehe 26 ulikuwa Jumapili. Kila mwaka siku hiyo inasogea moja mbele, mwaka mrefu (wa siku 366) inasogea mbili. Na kila miaka 400 kalenda inajirudia yote bila kubaki hata siku moja, kwa sababu miaka 400 ni siku 146,097, sawasawa na wiki 20,871.

Utaratibu huu aliupanga mwanahisabati John Conway, na mtu wa kawaida akijifua miezi michache anaweza. Savanti wa kalenda mara nyingi hajui kueleza anafanyaje, lakini akichunguzwa huonekana anatumia mirudio hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba yeye amekaa na kalenda saa nyingi kila siku, miaka yote, kwa raha zake. Wewe ungechoka dakika ya ishirini.

#4

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa, Pwani. Nina vijana wa miaka kumi, kumi na mbili, wamehifadhi juzuu zote thelathini, aya 6,236, na Kiarabu chenyewe si lugha yao. Hakuna daktari aliyekuja kuwapiga picha ya ubongo. Kwa nini wa kwao ni miujiza na wa kwetu ni kawaida?

#5 (Mleta mada)

Wa alaykum salaam ustadhi, swali zito hilo.

Kijana wako amefika hapo kwa njia unayoijua hatua kwa hatua: sabaki (somo) ya leo, kurudia ya jana, murajaa (marudio) ya wiki. Akiacha murajaa mwaka mmoja, zinapukutika. Akikosea unamgongea meza, anarudi, anarekebisha, na kesho anasoma sahihi.

Linganisha na mtoto aliyesimuliwa na John Langdon Down, yule daktari ambaye jina lake limepewa hali ya Down, kwenye mihadhara yake London mwaka 1887. Mtoto huyo alihifadhi kitabu kinene cha mwanahistoria Gibbon kuhusu kuanguka kwa dola ya Kirumi, maneno mengi ambayo hakuyaelewa hata kidogo. Alipokuwa anakisoma aliruka mstari mmoja, akagundua, akarudi nyuma akausoma, akaendelea. Tangu siku hiyo kila alipokighani kitabu kile, akifika hapo aliruka mstari ule ule, akarudi, akausoma, akaendelea. Kosa na masahihisho yake vyote viliingia kichwani kama sehemu ya kitabu.

Hafidhi wako hawezi kufanya hivyo, na wala hataki. Ndiyo tofauti. Lakini nakubaliana nawe kwenye jambo moja: tumezoea kudhani kumbukumbu ya namna hii lazima iwe muujiza au ugonjwa, wakati jamii zetu zimekuwa zikiifundisha kwa fimbo na uvumilivu tangu zamani.

#6

Naona wote uliowataja ni Wazungu na Wajapani. Weusi hawana ubongo?

#7 (Mleta mada)

Hahaha, nilikuwa nasubiri uulize. Kaa chini.

Thomas Fuller. Alizaliwa Afrika Magharibi mwaka 1710 hivi, akakamatwa na kuuzwa, akafika Virginia mwaka 1724 akiwa kijana wa miaka 14. Hakujua kusoma wala kuandika mpaka anakufa mwaka 1790. Alipokuwa mzee, mvi zimejaa na bado analima shamba la bibi aliyemmiliki, walikuja mabwana wawili kutoka Pennsylvania kumpima. Wakamuuliza mwaka mmoja na nusu una sekunde ngapi. Baada ya kama dakika mbili akajibu 47,304,000. Wakamuuliza: mtu aliyeishi miaka 70, siku 17 na saa 12 ameishi sekunde ngapi? Dakika moja na nusu, akajibu 2,210,500,800.

Bwana mmoja alikuwa anakokotoa kwa kalamu. Akamwambia umekosea, jibu ni dogo kuliko hilo. Mzee akamjibu kwamba bwana amesahau miaka mirefu. Wakarudia hesabu kwa kuongeza zile siku, na majibu yakalingana. Nimeipiga kwenye kikokotoo: siku 25,584 na nusu, mara 86,400. Iko sawa hadi tarakimu ya mwisho, na miaka mirefu 17 ikiwa ndani.

Habari zake ziliandikwa na Benjamin Rush, daktari maarufu wa Philadelphia aliyepinga utumwa, ili kuonyesha kwamba Mwafrika ana akili. Ajabu ni kilichotokea baadaye. Waandishi wa saikolojia walimchukua Fuller huyo huyo wakamuingiza kwenye orodha ya masavanti, kana kwamba nje ya kuhesabu alikuwa hajiwezi. Ushahidi uko wapi? Mwaka 1990 John Fauvel na Paulus Gerdes, huyu Gerdes akiwa mwalimu wa hisabati Msumbiji, waliandika makala wakakumbusha kwamba kijana wa miaka 14 kutoka pwani ile angeweza kabisa kuja na hesabu zake za kichwani kutoka kwao, maana kulikuwa na biashara na watu waliokokotoa bila karatasi. Yaani yawezekana mzee hakuwa na tatizo lolote. Alikuwa mtu hodari wa hesabu ambaye alinyimwa kalamu.

Mwingine ni Thomas Wiggins, alizaliwa kipofu utumwani Georgia mwaka 1849. Huyu dalili zake zinafanana kweli na usonji. Alipiga wimbo mmoja kwa mkono wa kushoto, mwingine kwa mkono wa kulia, huku anaimba wa tatu. Alipiga piano Ikulu ya Marekani akiwa bado mtoto, mbele ya Rais Buchanan. Utumwa ulifutwa, vita vikaisha, na yeye akaendelea kubaki chini ya familia ile ile iliyomnunua, safari hii kwa jina la ulezi, mahakama ikibariki. Aliwaingizia fedha nyingi sana. Alikufa mwaka 1908. Mimi nikiona mtu anapost mtoto wa usonji anapiga kinanda, swali langu la kwanza ni nani anashika pochi.

Na aliye hai: Stephen Wiltshire, London, alizaliwa 1974, wazazi kutoka visiwa vya Karibi. Alichelewa sana kusema. Walimu wake walimficha vifaa vya kuchorea makusudi ili alazimike kuomba, na neno la kwanza kumtoka lilikuwa "karatasi". Mwaka 2005 walimzungusha juu ya Tokyo kwa helikopta muda mfupi, akashuka akachora mji ule kwa kumbukumbu kwenye turubai la mita 10, kwa siku saba. Ana galari yake mwenyewe London, na kazi zake zinauzwa kwa jina lake. Pochi anayo yeye na familia yake.

#8

Mimi ni mtu wa sinema za kisayansi. Umeiacha Cube ya 1997, na ile Mercury Rising ya 1998, mtoto anayevunja msimbo wa siri wa serikali kwa kuutazama tu. Predator ya 2018 ndiyo ilienda mbali, wanasema usonji ni hatua inayofuata ya mageuzi ya binadamu. Mkuu huoni hizo zinawapa heshima?

#9 (Mleta mada)

Siioni heshima. Kwenye Cube watu wamefungiwa kwenye vyumba vyenye mitego, na kuna Kazan, mwenye usonji, wanamuona mzigo mpaka pale wanapogundua anaweza kuchambua namba za milangoni. Hapo ndipo anakuwa wa maana. Mercury Rising hivyo hivyo: mtoto ni ufunguo, kila mtu anaukimbilia ufunguo. Ondoa kipaji, hakuna anayemtafuta. Na Predator, kumwambia mtoto yeye ni binadamu wa toleo jipya ni njia nyingine tu ya kusema si mwenzetu.

Iliyonigusa ni riwaya, The Speed of Dark ya Elizabeth Moon, 2002, ilipata tuzo ya Nebula. Mwandishi mwenyewe ana mtoto mwenye usonji, na inaonekana. Mhusika mkuu, Lou, anafanya kazi kwenye kampuni pamoja na wenzake wenye usonji, kazi yao ni kuona mpangilio kwenye data ambao wengine hawauoni. Anajua kupika, anaendesha gari, anacheza upanga jioni, anampenda binti mmoja na hajui amwambieje. Bosi mpya anakuja na tiba ya majaribio na anawabana wakubali kutibiwa. Kitabu kizima ni mtu anayefikiria: nikitibiwa, atakayeamka ni mimi? Na ni Lou mwenyewe anayesimulia sehemu kubwa, kwa lugha yake. Sijaona sinema iliyofika hapo.

Kwa wapenzi wa Dune, ile hadithi ya kisayansi, wale Mentati ni kitu kingine: ni watu waliofundishwa kuwa kompyuta baada ya mashine zinazofikiri kupigwa marufuku. Hao wako karibu zaidi na wanafunzi wa ustadhi hapo juu.

#10

Nilisikia kuna Mzungu ana kofia ya sumaku unavaa unakuwa savanti. Inauzwa wapi?

#11 (Mleta mada)

Ni Allan Snyder wa Sydney. Wazo lake ni kwamba ubongo wa kila mtu unaona vipande vyote vidogo, ila unatuletea muhtasari tu, na kwa savanti kichujio kimelegea. Mwaka 2006 alichapisha jaribio: watu 12 walikadiria idadi ya vidoti kwenye skrini, kati ya 50 na 150, kabla na baada ya kupigwa mipigo ya sumaku upande wa kushoto wa kichwa, na 10 kati yao walikaribia zaidi idadi halisi. Watu 12, mkuu. Na athari ilikuwa ya muda mfupi. Usinunue kitu.

Ila wazo lenyewe si la kutupwa. Bruce Miller, daktari wa San Francisco, alieleza wagonjwa ambao sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo inakufa taratibu, na wakati lugha inawatoka wanaanza kuchora vizuri, wengine hawakuwahi kushika brashi. Na kuna upande wa pili: Nadia, mtoto wa Nottingham aliyezaliwa 1967, akiwa na miaka mitatu na kitu alichora farasi anayekimbia kwa kalamu ya wino kama msanii mzima, huku hasemi. Alipokua akajifunza maneno, michoro ikafifia. Wataalamu walibishana sana kama lugha ndiyo iliyoiondoa, maana mama yake pia alifariki katika kipindi hicho hicho. Mimi ningekuwa mzazi ningechagua maneno, bila kufikiri mara mbili. Mtoto asiyeweza kusema tumbo linauma hana faida na farasi.

#12

Dada yenu hapa, niko Nairobi. Mwanangu ana miaka saba, ana autism, haongei sana. Nimesoma uzi wote nikilia na kucheka. Hana kipaji chochote. Haimbi, hachori, hesabu hajui. Kanisani wananiuliza "gift yake ni gani?" na nikisema hana, wananiangalia ni kama nimekosa imani. Mamake bwanangu naye anataka apelekwe kuombewa. Mnijibu, huwa mnawaambia watu nini?

#13

Pole na hongera dada. Mimi wangu ana kumi na nne. Nawaambia kipaji chake ni kumaliza chapati zote mezani. Wanacheka, wanaacha.

#14 (Mleta mada)

Dada yangu, nakupa mtu mmoja umtaje wakikuuliza.

Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore, aliandika makala kuhusu watoto 11, na hapo ndipo usonji ulipoanza kuandikwa kama tunavyoujua. Mtoto wa kwanza kwenye orodha alikuwa Donald, kutoka mji mdogo wa Forest, Mississippi. Wazazi walishauriwa wamuache kwenye taasisi, wakamuacha akiwa na miaka mitatu, kisha wakaenda wakamchukua. Donald Triplett alisoma hadi chuo, akafanya kazi kwenye benki ambayo familia ya mama yake ilikuwa na hisa, akaendesha gari lake, akacheza gofu karibu kila siku. Alisafiri peke yake nchi zaidi ya thelathini. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Waandishi waliokwenda Forest walipoanza kuulizia habari zake, wenyeji waliwaonya kwamba atakayemuumiza Donald watashughulika naye.

Kilichombeba ni mji. Na fedha za familia, tusidanganyane, si kila mtu ana benki.

#15

Lakini huyo Donald si ndiye alikuwa anatazama ukuta wa shule na kutaja idadi ya matofali? Nilisoma mahali. Si naye ana kipaji!

#16 (Mleta mada)

Kuzidisha namba kichwani aliweza kweli. Ukimuuliza 87 mara 23 anakupa 2,001 bila kusita. Ila ya matofali ilivuma pale mjini miaka mingi, wanafunzi waliosoma naye walisimulia hadi uzeeni. Waandishi wakamuuliza mwenyewe alihesabuje. Akasema hakuhesabu, alitaja namba tu iliyomjia, kwa sababu alitaka wale vijana wamuone wa maana.